Ushahidi wa Maneno: Kujua Kama Msaada wa Kisaikolojia Umesaidia

Mwaka 2020 jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa wakisumbuliwa na kiwewe au majonzi yasiyokwisha, waligawanywa kwa kubahatisha katika makundi mawili. Nusu yao walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi. Vikundi hivyo viliendeshwa na washauri ambao hawakusomea saikolojia, watu wa maeneo yale yale waliofundishwa kazi na kusimamiwa kwa karibu. Nusu nyingine waliendelea na huduma za kawaida zilizokuwepo. Tiba ilipomalizika, watoto wa vikundi walikuwa wamepata nafuu kuwazidi wenzao katika maeneo matatu kati ya manne: Kenya vijijini, Kenya mjini na Tanzania mjini. Katika ufuatiliaji wa miezi 12, tofauti hiyo ilibaki Kenya peke yake. Tanzania, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Watoto wa Tanzania hawakurudi nyuma. Waliokosa vikundi ndio waliowafikia wenzao. Je, ni nani aliyewainua? Bibi anayewalea? Mwalimu wa darasa, shangazi, kanisa, madrasa? Au zile zilizoitwa huduma za kawaida zilikuwa na nguvu kuliko tulivyodhani? Na Bungoma kulikuwa na nini kilichofanya nafuu ya vikundi idumu? Takwimu zile zilikusanywa kwa uangalifu mkubwa na ninaziheshimu, lakini kazi yake inaishia hapo. Kuanzia hapo inahitajika kazi ya aina nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Wataalamu huiita utafiti wa kitaamuli. Utafiti wa kiidadi huuliza ni wangapi na ni kiasi gani. Utafiti wa kitaamuli huuliza jambo lilitokeaje, kwa nani, katika mazingira gani, na wahusika wenyewe wanalielewa vipi. Vifaa vyake ni mahojiano ya kina na mtu mmoja mmoja, majadiliano ya vikundi, kushuhudia shughuli ikiendelea, pamoja na kusoma kumbukumbu kama madaftari ya mahudhurio na taarifa za wasimamizi. Ukiutumia kutathmini afua za kisaikolojia na kijamii, yaani ushauri nasaha kwa wafiwa, vikundi vya kina mama wenye sonona, michezo ya watoto kambini au msaada kwa walionusurika na ukatili, unakutana na ugumu ambao mtafiti wa vidonge haujui. Kidonge kina dawa inayojulikana kwa miligramu. Kikundi cha wanawake kumi wanaokutana kila wiki kina mambo mengi kwa wakati mmoja: mada iliyofundishwa, sauti ya anayefundisha, safari ya kutoka nyumbani, saa moja bila watoto mgongoni, jirani aliyegundua kuwa mwenzake naye analia usiku. Mizani ya kliniki humwambia mama kwamba mtoto ameongeza uzito, lakini haimwambii kama ni kwa sababu ya uji, maziwa au kupona minyoo. Ndivyo na dodoso la dalili.

Kuna dhana iliyozoeleka, kwa wafadhili na hata kwa baadhi ya wanasayansi, kwamba maneno ya watu ni pambo. Takwimu zikishatoka, mtu anatumwa kijijini akatafute "simulizi za mafanikio", na nukuu mbili zinawekwa kwenye kisanduku cha rangi kando ya picha ya mama anayetabasamu. Tabia hii inanikera kwa dhati, kwa sababu inawadharau watu wawili kwa mpigo: mama aliyeombwa kusema na msomaji anayedhani amesoma ushahidi. Maneno yanaweza kuwa ushahidi kamili, ila yana masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba yasisubiri mwisho wa mradi.

Mfano bora ninaoujua umetoka kusini-magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI. Kabla ya kupima chochote, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walianza kwa kuuliza. Waliwaomba wanavijiji wataje, kwa lugha yao ya Kiganda, matatizo yote ambayo ugonjwa ule uliwaletea. Hawakutaja sonona, wala hawakusoma orodha ya dalili kutoka kitabu cha Marekani. Waliacha watu waorodheshe, kisha wakawafuata wale ambao wenyeji waliwataja kuwa wanayajua zaidi mambo hayo, wakawahoji kwa kina. Zikajitokeza hali mbili zenye majina ya kienyeji, yo'kwekyawa na okwekubazida, moja ya mtu kujichukia na nyingine ya mtu kujihurumia, ambazo dalili zake zilikaribiana sana na kile ambacho madaktari hukiita sonona. Kwa hiyo dodoso la kimataifa lilipotumika baadaye, lilikuwa limerekebishwa kwa wanachokijua wenyeji, na washiriki walitafutwa kwa kuuliza ni nani hapa kijijini ana hali hii.

Halafu walifanya jambo ambalo mimi naliona kuwa la busara zaidi. Waliuliza: mwanamke wa hapa akiwa mzima, hufanya nini? Mwanamume je? Majibu yakawa shughuli za kila siku: usafi wa mwili, kulima, kupika na kutunza familia kwa upande wa wanawake, kazi za mikono na kushiriki mambo ya jumuiya kwa upande wa wanaume. Orodha hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa kipimo cha uwezo wa mtu kutimiza wajibu wake. Tafakari tofauti iliyopo kati ya kumuuliza mkulima wa Rakai kama bado anafurahia burudani zake za mwisho wa wiki na kumuuliza kama wiki hii ameweza kwenda shambani.

Jaribio lenyewe, lililochapishwa mwaka 2003, lilihusisha vijiji 30. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16, wanaume mbali na wanawake mbali. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliopangiwa tiba walikuwa na sonona kali, na upande wa vijiji linganishi walikuwa asilimia 94. Baada ya tiba, waliobaki na hali hiyo walikuwa asilimia 6.5 tu upande wa vikundi, na asilimia 54.7 upande wa vijiji ambavyo havikupata. Matokeo haya yalibadili fikra za watu wengi duniani kuhusu tiba ya mazungumzo katika vijiji vya Afrika. Ninachotaka kionekane ni msingi wake: kama kipimo hakingejengwa juu ya majibu ya wanavijiji, tarakimu hizo zingekuwa tarakimu za kitu gani?

Miaka minne baadaye, mwaka 2007, watafiti wa mkondo huohuo walitoa matokeo ya jaribio jingine, safari hii kaskazini mwa Uganda, katika kambi za waliokimbia vita. Vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 walipangiwa tiba ya mazungumzo katika vikundi, au michezo ya ubunifu, au kusubiri. Tiba ya mazungumzo ilipunguza dalili za sonona kwa wasichana. Kwa wavulana haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Michezo, ambayo mashirika mengi huipenda, haikuonyesha faida kwa dalili hizo.

Hapa ndipo tathmini isiyo na masikio huleta hasara. Mtu wa bajeti akisoma sentensi ile, anaweza kuamua kwamba wavulana hawatibiki kwa mazungumzo, akawafuta kwenye mpango. Lakini yapo maelezo mengi yanayowezekana. Huenda mvulana aliyekulia vitani anaona aibu kulia mbele ya rika lake. Huenda anateseka kwa namna ambayo dodoso halikuiuliza. Huenda alipokuwa kikundini aliwaza kibarua alichokikosa siku hiyo. Kila moja ya sababu hizi inadai hatua tofauti: ya kwanza ingetaka kubadili muundo wa kikundi, ya pili kubadili kipimo, ya tatu kubadili saa ya kukutana. Huwezi kuchagua kati yake kwa kuchambua upya zile zile namba. Lazima mtu akakae na wavulana.

Kenya nayo imetupa fumbo la aina hiyo. Shirika la Afya Duniani lina programu fupi ya vipindi vitano iitwayo Problem Management Plus, inayomfundisha mtu kutuliza mwili, kuyapanga matatizo yake, kurudi kwenye shughuli na kutafuta watu wa kumshika mkono. Jaribio lililofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017, kwa wanawake 421 waliokuwa na dhiki, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, lilionyesha kuwa inasaidia inapotolewa na wahudumu wa afya wa jamii. Mwaka 2020 wanauchumi wakatoa matokeo ya utafiti mkubwa wa vijijini nchini humo, wenye watu 5,756: mwaka mmoja baada ya programu hiyohiyo, hawakuona badiliko, si la kiakili wala la kiuchumi, ilhali waliopewa fedha taslimu walikuwa na hali bora katika yote mawili. Tafiti hizi mbili hazigongani moja kwa moja. Ile ya Nairobi iliwachagua wanawake waliokwisha kuonekana kuwa na dhiki, na ya vijijini iliwachukua watu kwa ujumla. Muda wa kupima ulitofautiana pia. Hata hivyo anayetaka kuitumia programu hiyo kesho atahitaji kujua ndani ya vile vipindi vitano palitokea nini hasa.

Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa mwaka 2015 mwongozo wa namna ya kutathmini mchakato wa afua ngumu za aina hii. Kwa ufupi linataka tuangalie afua ilivyotekelezwa kweli, njia ambazo kwazo inaleta badiliko, na mazingira yanayoisaidia au kuikwamisha. Kwa vitendo maana yake ni kwenda kukaa kikundini na daftari. Ni nani anayezungumza na nani hasemi? Mshauri anauliza maswali au anahubiri? Zoezi la kupumua linafanywa, au linarukwa kwa sababu mvua inakuja na watu wanataka kuanua mahindi? Nimeona mara nyingi kwamba kilichoandikwa kwenye mwongozo wa mradi na kinachofanyika saa kumi jioni darasani ni vitu viwili, na mara nyingine kinachofanyika ndicho bora.

Sasa nije kwenye mahojiano yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo tathmini nyingi za kwetu huharibikia. Adabu zetu za Afrika Mashariki ni nzuri, lakini zinamtega mtafiti. Mgeni aliyekuja nyumbani hapewi habari mbaya kuhusu zawadi aliyoileta. Akiuliza, "Je, kikundi kilikusaidia?" atajibiwa, "Kimetusaidia sana, tunashukuru, msituache." Maneno hayo ni ya kweli kama heshima. Kama ushahidi, hayana uzito, kwa sababu yangesemwa vilevile hata kama kikundi hakikumfaa mtu yeyote. Isitoshe, anayejibu anafikiria mwakani: akilalamika, mradi utaondoka.

Dawa yake ya kwanza ni kutoanza na mradi. Tuchukue mahojiano ya kubuni. Mhoji ni binti wa miaka ishirini na mitano, anayehojiwa ana umri wa mama yake. Ameshaamkia, ameitikiwa, amekaa, amekunywa maji.

"Mama, hebu nielezee siku yako ya jana, tangu ulipoamka."

"Jana? Jana niliamka, nikafagia, nikaenda kisimani. Halafu nikakaa tu."

"Ulipokaa, mama, ilikuwaje?"

"Mawazo, mwanangu. Yale yale. Ila siku hizi yakija najua nitoke nje, niende hata kwa mama jirani."

"Hilo la kutoka nje lilianza lini?"

Jina la mradi halijatajwa, lakini tumeshapata mengi: dalili haijaisha, ipo mbinu mpya ya kuikabili, na yupo mtu anayehusika. Akiendelea kufuatwa taratibu, mama atasema kama mbinu hiyo aliipata kikundini, au alifundishwa na mama jirani ambaye hajawahi kukanyaga kikundini. Jibu lolote kati ya hayo ni matokeo. Vivyo hivyo mtu akisema "nimezoea", mhoji mzuri haandiki kwamba amepata nafuu. Anauliza amezoea nini, na ikoje siku ambayo mazoea yanashindwa.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wakiongozwa na James Copestake, wameisukuma njia hii mbali zaidi. Katika utaratibu wao wahoji hawaambiwi ni mradi gani unaotathminiwa, na wahojiwa pia huelezwa machache iwezekanavyo. Watu huulizwa ni nini kimebadilika katika maisha yao kwa kipindi fulani na kwa nini. Ikiwa mradi umefanya kazi, utatajwa bila kuchokozwa. Usipotajwa na mtu hata mmoja, hiyo nayo ni habari. Njia hii haifai kila mahali, kwani kwa aliyepitia ukatili ni haki yake kujua kwa ukamilifu anazungumza na nani na kwa nini. Lakini angalau anayehoji asiwe mshauri aliyeendesha kikundi, wala asishuke kwenye gari lenye nembo ya shirika.

Ipo pia njia inayoitwa badiliko kubwa zaidi, iliyobuniwa na Rick Davies nchini Bangladesh miaka ya 1990, ambapo washiriki husimulia badiliko wanaloliona kuwa kubwa kuliko mengine, na simulizi hizo huchujwa kwa majadiliano ya ngazi kwa ngazi huku sababu za kuchagua zikiandikwa. Inapendwa sana na mashirika. Ninaikubali kwa kujifunza nini watu wanakithamini, lakini peke yake haitoshi kutathmini, maana inaelekea kuvuta mbele yaliyofana. Anayeitumia aongeze maswali ambayo watu huona haya kuyauliza: ni nini hakikubadilika? Kuna kilichozidi kuwa kibaya? Kuna mtu nyumbani aliyechukia wewe kwenda kikundini?

Mahali pa kuzungumzia nako kuna uzito wake. Mke hawezi kusema kweli kuhusu ndoa yake akiwa barazani huku mama mkwe anachambua mboga hatua tatu kando. Na anayekuletea wahojiwa ni nani? Ukimwachia mwenyekiti wa kitongoji achague, atakuletea watu wa kuheshimika wanaojua kujieleza, kwa nia njema kabisa. Wale ambao aibu imewafungia ndani hutawaona. Majadiliano ya kikundi, kwa upande wake, hukuonyesha vizuri yale ambayo jamii inaona ni sawa kuyasema hadharani, na kusikiliza watu wakibishana ni utajiri mkubwa. Lakini siri haitoki humo, wala usiiombe itoke humo, kwa maana huna uwezo wa kuilinda watu wakishatawanyika.

Huulizwa kila mara: watu wangapi wanatosha? Greg Guest na wenzake walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba karibu mawazo yote makuu yalikuwa yamekwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya 12. Tangu hapo namba 12 imegeuzwa kuwa sheria, na hilo ni kosa. Wanawake wale walifanana katika mengi na waliulizwa maswali yanayofanana. Ikiwa mradi wako umegusa wajane, vijana na wazee wa lugha tatu, watu 12 kwa jumla hawatoshi. Kanuni ya kazi ni kuendelea mpaka mahojiano mapya yaache kukuletea jambo jipya katika kila kundi unalolitafuta.

Baada ya kukusanya huja uchambuzi, nao ndio unaotofautisha utafiti na uandishi wa habari. Sauti hunukuliwa neno kwa neno. Mchambuzi husoma nukuzi mara nyingi, akitia alama kila kipande chenye hoja, kisha alama zinazohusiana hukusanywa kuwa dhamira. Virginia Braun na Victoria Clarke waliieleza njia hii kwa uwazi katika makala yao ya mwaka 2006, na wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wameianzia hapo. Ningependa kusisitiza mambo mawili ambayo huachwa. La kwanza ni kumtafuta kwa makusudi anayepingana nawe. Wanawake tisa wakisema kikundi kiliwapunguzia upweke na wa kumi akasema kilimwongezea fedheha, huyo wa kumi anastahili kurasa zake, kwa sababu yeye ndiye atakayeeleza mipaka ya kile walichokisema wengine. La pili ni lugha. Mahojiano hufanyika kwa Kiswahili au Kichaga au Kibukusu, halafu hutafsiriwa kwa Kiingereza ili mchambuzi aliye mbali ayasome, na kila kinachoeleweka kwa mzaha, kwa fumbo au kwa kusitasita hupotea njiani. Tunao wachambuzi wanaozimudu lugha hizi. Uchambuzi ufanywe katika lugha iliyosemwa, na tafsiri ije mwishoni kwa yale yatakayochapishwa.

Sitaki msomaji adhani ninataka maneno yachukue nafasi ya hesabu. Turudi Masaka na Rakai. Katika vijiji visivyopata tiba, wenye sonona kali walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Hakuna aliyewaendeshea vikundi, ila wengi walipata nafuu, labda kwa kupita kwa muda, labda kwa sababu nyingine. Sasa fikiria kama wangehojiwa waliopata tiba peke yao. Kila mmoja angeihesabia tiba nafuu yote, hata ile ambayo ingekuja yenyewe, na angesema hivyo bila kudanganya. Mtu anaujua uchungu wake kuliko yeyote, lakini si lazima ajue ni nini kilichouondoa. Kundi linganishi linatupatia kile ambacho mahojiano hayawezi kutoa, yaani ukubwa wa mchango wa afua yenyewe. Na papo hapo linazaa swali jipya la kitaamuli: wale wa vijiji vya pili walishikilia nini?

Kuna nyakati ambapo vyote viwili vinapingana, na mtafiti hujaribiwa kuficha kimoja. Dodoso linasema hakuna badiliko, wanawake wanasema maisha yamebadilika. Inawezekana dodoso linauliza usingizi na hamu ya kula, na badiliko limetokea kwenye ugomvi wa nyumbani. Inawezekana pia wanawake wanashukuru tu. Kinyume chake, alama za dodoso zinaweza kushuka kwa sababu watu wamejifunza jibu linalotakiwa. Njia ya uaminifu ni kuyaandika yote mawili, kisha kurudi uwanjani na swali lililonolewa.

Kuna pia suala la kutoumiza. Nchini Tanzania utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, lakini karatasi yenye muhuri haimlindi mtu anayeanza kutetemeka katikati ya mahojiano. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio mashariki mwa Kongo lililohusisha wanawake 405 walionusurika na ukatili wa kingono. Kumtathmini mwanamke kama huyo hakuhitaji asimulie tena alichotendewa. Unaweza kuuliza anavyolala sasa, anavyokaa na watoto wake, nani anamtembelea, alichokipata na alichokikosa katika ushauri. Mhoji anayechimba tukio lenyewe ili nukuu yake iwe na uzito amefanya ukatili mwingine. Kabla ya swali la kwanza pawepo mtu anayejulikana kwa jina ambaye muhojiwa atapelekwa kwake siku hiyohiyo akizidiwa, na muhojiwa ajue kuwa anaweza kunyamaza bila kupoteza huduma.

Anayepanga bajeti ya tathmini atenge fedha za unukuzi, maana saa moja ya mazungumzo hula saa nyingi za kuandika, na atenge fedha za kuwafuata walioacha. Hili la mwisho ndilo hukatwa kwanza, nami ningelitetea mpaka mwisho. Kule Masaka na Rakai, kati ya watu 248 waliokubali kushiriki, 224 ndio waliomaliza na kuhojiwa tena, kiwango kizuri sana kwa utafiti wa vijijini. Miradi mingi ya kawaida hupoteza washiriki wengi zaidi, na katika taarifa zake hubaki kama safu tupu kwenye daftari la mahudhurio. Watu hao wanaishi mahali fulani. Wana sababu: nauli, mume, mgonjwa wa kuuguza, msimu wa kupalilia, neno alilolisema mshauri katika kipindi cha tatu, au nafuu iliyokuja mapema wakaona hawana haja ya kurudi. Atumwe mtu mpole asiyefahamika na mradi, aende kwao, aulize waliacha siku gani, siku hiyo ilikuwaje tangu asubuhi, na ni kitu gani kingewafanya warudi wiki iliyofuata.